Nimekosa Mimi: Somo la Kukiri Makosa na Kuomba Radhi Kazini

Ni nadra kumpata mtu miongoni mwetu ambaye hajapata kusimama mbele ya mlango wa ofisi uliofungwa, akasoma karatasi iliyobandikwa yenye maneno haya: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Tumeyazoea maneno hayo hata hatuyasikii tena. Hebu tuyasome leo kama wageni. Nani anayeomba radhi? Hakutajwa. Kosa gani limetendeka? Halikutajwa. Usumbufu wenyewe bado haujawa; "utajitokeza", tena peke yake, kama uyoga baada ya mvua. Na neno "wowote" linatia shaka kama usumbufu huo upo kabisa. Mtu ametoka Kengeja hadi mjini Mkoani, amelipa nauli, ameziacha karafuu zake jamvini bila ya mwangalizi na wingu limetanda; huyo ndiye anayeombwa radhi na mtu asiyejulikana kwa jambo ambalo huenda halikutokea.

Somo la toleo hili linahusu radhi ya namna nyengine. Linawahusu watumishi wa umma walio miongoni mwetu: mwalimu, muuguzi, karani, mkusanya ada wa sokoni, dereva wa gari la taka. Linawahusu vilevile fundi, mwenye duka na nahodha, kwani kila anayefanya kazi kwa ajili ya mwengine hukosea, na kila anayehudumiwa iko siku hukosewa.

Lugha yetu ni tajiri katika jambo hili, na utajiri huo una hatari yake. Tunayo "pole", neno la huruma, ambalo huambiwa aliyefiwa na aliyejikwaa. Mwenye kulitoa hakiri lolote. Tunayo "samahani", ambayo imechakaa kwa kutumika, maana twaisema hata tunapompita mtu njiani au kumuuliza saa. Ipo "niwie radhi", yenye uzito zaidi, kwa sababu inamtaka aliyekosewa aridhike, na kuridhika ni hali ya moyo isiyoamrishwa na yeyote. Kisha lipo "nimekosa". Likikosekana hilo, yote yaliyotangulia ni adabu njema, wala si kukiri. Mgonjwa aliyepewa dawa ya mgonjwa mwengine akaambiwa "pole sana, mama" amehurumiwa kweli, lakini hajaambiwa kilichotokea wala nani aliyekitenda.

Hatari kubwa zaidi imo katika vitenzi. Kiswahili kinaturuhusu kusema kwamba jambo limejitenda. Faili limepotea. Jina limeruka. Malipo yamechelewa. Mtoto wa miaka mitano anaijua siri hii bila ya kufundishwa: akiangusha kikombe hukimbilia kwa mama yake na kusema "kikombe kimevunjika", hasemi "nimekivunja". Sarufi yake ni sahihi na habari yake ni ya kweli, ila mtendaji ametoroka. Wengi wetu tumekua kwa umri na kwa vyeo, lakini mbele ya kosa hurejea kwenye sarufi ya kikombe.

Kwa hiyo anayetaka kuomba radhi na aanze kwa kuigeuza sentensi yake. "Faili limepotea" iwe "nimelipoteza faili lako". Atahisi ulimi unakuwa mzito, na uzito huo ndio dalili kwamba sasa anasema jambo lenyewe.

Tulipokuwa wadogo, wengi wetu tulifundishwa chuoni masharti ya toba: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Na kosa likihusu haki ya mja, huongezeka sharti la nne, nalo ni kumrejeshea mwenyewe haki yake au kumtaka msamaha. Sharti hilo la nne ndilo tunalolisahau tukikaa nyuma ya meza. Mtumishi aliyempotezea mtu waraka huweza kujuta kwa dhati, akakosa usingizi, na asirudie kosa hilo maisha yake yote. Hata hivyo mwenye waraka bado hana waraka. Majuto ni mali ya mkosaji. Haki ni mali ya aliyekosewa, na ya pili hailipwi kwa ya kwanza.

Nalisema hili kwa kuwa limenipata. Miaka mingi iliyopita nilikuwa karani katika ofisi moja ya usajili, ambayo si lazima niitaje. Siku moja, nikinakili fomu za vizazi kitabuni, niliyageuza majina ya mtoto mmoja: la babu nikaliweka pahala pa la baba, na la baba pahala pa la babu. Ni kosa la nukta moja ya muda, kalamu ikiwa mbele ya akili. Hakuna aliyeligundua hadi yule mtoto alipokuwa msichana mkubwa na kutakiwa kuwasilisha cheti cha kuzaliwa ili apokewe katika mafunzo aliyoyaomba. Cheti kikasema jina moja, skuli ikasema jengine.

Mama yake alikuja ofisini. Nilimwambia fomu huenda ililetwa vibaya na wazee wenyewe. Akarudi mara ya pili, na hapo nikaitafuta fomu ya asili. Nikaiona. Fomu ilikuwa sahihi, na mwandiko wa kitabuni ulikuwa wangu. Nilikifunga kitabu nikamwambia, "Karatasi zimechanganyika, Bi Mkubwa, rudi wiki ijayo." Zimechanganyika! Kikombe kimevunjika. Alirudi mara ya tatu, nami sikuwepo. Nilikuwa nimejipangia kazi ya nje siku hiyo, na hadi leo sijapata neno zuri la kuiita safari ile.

Ilipita takriban miezi miwili kabla sijamwendea mkuu wangu na kumweleza. Marekebisho yenyewe, baada ya mimi kusema, yalichukua siku nne. Lakini muda wa kuwasilisha vyeti ulikuwa umekwisha, na nafasi ya yule binti ilikwenda kwa mwengine. Siku ya tano nilipiga hodi nyumbani kwao, pamoja na mtu mzima mmoja wa mtaani kwetu, kama ilivyo ada. Nilimkabidhi cheti kilichosahihishwa, nikamwambia kwamba aliyekosea ni mimi, na kwamba siku ile aliponikuta na kitabu mkononi nilikuwa nimeshajua. Nilimpa pia nauli za safari zake tatu. Alizihesabu, akazifunga kwenye ncha ya kanga, kisha akasema, "Kosa la kalamu nimekusamehe, mwanangu. Hilo la kunirejesha njiani na hali unajua, nipe siku."

Sikuwa na haki ya kudai zaidi ya hapo. Nimelihadithia kwa urefu kwa sababu maneno ya mama yule yalinifunza kutenganisha mambo mawili niliyokuwa nikiyachanganya. Kosa la kwanza lilikuwa la kibinadamu, na lingekwisha kwa siku nne. Kosa la pili lilikuwa la kuchagua, na ndilo lililompokonya mtoto nafasi yake. Malalamiko mengi tunayoyasikia barazani kuhusu huduma ni ya jinsi hiyo: wananchi huvumilia kukosewa, lakini hawavumilii kuzungushwa na mtu anayejua.

Nikitoka kwenye kosa dogo la karani kwenda kwenye mambo ya nchi, naona mwenendo ni uleule, tafauti ni ukubwa wa madhara. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watuhumiwa walioteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Yeye mwenyewe hakumtesa mtu. Lakini wizara ilikuwa yake, na hakusema kwamba "kumetokea vifo". Mwenye kudhani kuwa kubeba lawama ni mwisho wa mtu na aangalie miaka iliyofuata: mwaka 1984 Mzee Mwinyi alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Kwa sisi watu wa Pemba, kumbukumbu iliyo karibu zaidi ni ya bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kuja kisiwani kwetu, ilizama karibu na Nungwi ikiwa na abiria na mizigo kupita uwezo wake. Sina haja ya kuwaeleza wakaazi wa kisiwa hiki msiba ule ulikuwa wa namna gani. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja, karibu na kisiwa cha Chumbe. Siku chache baadaye Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Yalisemwa mengi wakati ule kuhusu hatua hiyo. Mimi naichukulia kuwa hatua ya heshima, lakini naona pia mpaka wake: waziri hujiuzulu mara moja, na kesho yake bandarini watu wanapanda tena. Twasema "meli ilijaa". Meli haijai, hujazwa, na hujazwa kidogo kidogo, tiketi kwa tiketi na gunia kwa gunia. Katika kazi yoyote inayobeba roho za watu, anayesema "nimezidisha, tusimamishe" kabla ya kamba kufunguliwa amekiri kosa wakati ambapo kukiri bado kunaokoa.

Kuwajibika na kuomba radhi, basi, si kitu kimoja. Kiongozi huweza kuwajibika kwa kuondoka. Karani, muuguzi na mkusanya ada huwajibika kwa kubaki na kutengeneza, na akiondoka bila ya kutengeneza amemwachia mwenzake meza yenye kosa lile lile ndani ya droo.

Mfano wa tatu unaihusu serikali za mitaa zenyewe, ingawa ni wa upande wa Bara. Mwaka 1972 Serikali ya Tanzania ilizivunja halmashauri za wilaya huko Bara, na mwaka 1976 ikavivunja vyama vya ushirika. Katika mahojiano ya mwaka 1984 Mwalimu Julius Nyerere alisema kwamba lau angeanza upya asingeyafanya mambo hayo mawili, na alikiri kwamba walikuwa na pupa na hawakujua. Angalia namna alivyokiri. Aliyataja makosa kwa majina yake, tena mawili, hakusema kwamba "palikuwa na changamoto". Na maneno yake hayakutangulia marekebisho: sheria za kuzirejesha halmashauri zilikwisha kupitishwa mwaka 1982. Kwa Mwalimu kukiri kulikuwa ni kuliita kwa jina lake kosa lililokwisha kuanza kutengenezwa.

Kwa nini basi tunaficha? Sababu ni hofu, na hofu hiyo haikutoka hewani. Ofisi nyingi humwadhibu aliyesema na kumwacha aliyenyamaza, kwa kuwa wa kwanza anajulikana na wa pili hajulikani. Mkuu anayepaza sauti mbele ya watu kila anapoletewa kosa atafika siku ambayo haletewi tena makosa, naye atadhani ofisi yake imetengenea. Ni wajibu wa msimamizi kutafautisha kosa la kuteleza, uzembe unaorudiwa, na hila. La kuteleza hurekebishwa. La uzembe lina taratibu zake za nidhamu. Ama aliyechukua fedha za umma au rushwa, huyo hana pahala katika somo hili. Wizi hauombewi radhi kaunta, una vyombo vyake vya kisheria.

Wapo wanaohofia kwamba kukiri ni kujiletea mashitaka. Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan, nchini Marekani, zilianza mwaka 2001 kuwaeleza wagonjwa waziwazi pale hospitali ilipokosea, kuwaomba radhi na kuwalipa fidia bila ya kungoja wapelekwe mahakamani. Mtu angetarajia mafuriko ya kesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kwamba madai mapya yalipungua na muda wa kuyamaliza ukawa mfupi zaidi. Hatuwezi kudai kuwa radhi peke yake ndiyo iliyoleta matokeo hayo, na Michigan si Mkoani. Lakini hofu yetu nayo haina ushahidi ulio bora kuliko huo.

Tukija kwenye namna ya kuomba radhi, jambo linalotangulia ni wakati. Muuguzi aliyempa mtoto kipimo cha dawa kisicho chake hana nafasi ya kungoja zamu iishe; aseme saa ileile, kwa daktari na kwa mzazi, kwa sababu kila dakika ya ukimya inaingia mwilini mwa mtoto. Kwa karani kungoja kunaonekana si hatari, kumbe nako hula siku za watu, kama nilivyokwisha kueleza.

Kisha kuna neno "kama". "Kama nimekukosea, nisamehe" si radhi. Ni kumrejeshea aliyekosewa kazi ya kuthibitisha kwamba alikosewa. Na kuna "lakini", ambalo humeza kila kilicho mbele yake: "nimekosa, lakini siku hiyo kazi zilikuwa nyingi." Huenda ni kweli kwamba kazi zilikuwa nyingi. Mwenye kukosewa akiuliza sababu, aelezwe. Asipouliza, sababu hizo apelekewe mkuu wa kazi, anayeweza kuongeza watu. Pahala nako kuna kanuni yake. Aliyefedheheshwa mbele ya foleni aombwe radhi mbele ya foleni, si kwa kunong'onezwa ukumbini baadaye. Kinyume chake, jambo la siri, kama la maradhi au la ndoa, lisitangazwe kwa kisingizio cha uwazi. Na mkosaji asilie mbele ya aliyemkosea hadi huyu akalazimika kumbembeleza. Hapo amemkosea mara ya pili.

Nanyi mnaohudumiwa mna sehemu yenu. Mtumishi akisema "nimekosa mimi", asipigwe picha na kusambazwa katika makundi ya simu kabla jua halijachwa, maana wenzake wote watajifunza siku hiyo hiyo kunyamaza. Kupokea radhi, hata hivyo, si kuacha dai. Mwananchi ana haki ya kuuliza, kwa upole na bila ya kuona haya, nini hasa kilichotokea, nani anakitengeneza, na siku gani kitakuwa tayari. Na aiandike siku hiyo mbele ya aliyeitaja. Ikipita kimya, aende kwa mkuu wa ofisi, au amweleze sheha wake au diwani wa wadi yake. Wala hapana anayelazimika kusamehe siku ileile. Mama yule aliomba siku, na alikuwa na haki nazo.

Tumalizie kwa zoezi. Tuchukulie, kwa mfano wa kubuni, kwamba ofisi fulani imewatoza wafanyabiashara wa soko ada ya mwezi mara mbili. Tangazo la kawaida lingesema: "Kutokana na hitilafu zilizojitokeza katika ukusanyaji wa ada, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote." Wasomaji, hasa mlio maofisini, mliandike upya kabla ya kuangalia hapa chini.

Mimi ningeliandika hivi: "Mwezi uliopita tuliwatoza wafanyabiashara wa soko hili ada mara mbili. Kosa ni letu: tulitumia orodha ya zamani bila ya kuihakiki. Kila aliyelipa mara mbili atarejeshewa fedha zake hapa sokoni, Jumatatu na Jumanne, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Aliyepoteza risiti aje vilevile, nakala zipo kwetu. Tumewakosea, na tunawaomba radhi." Chini yake liandikwe jina la mkuu wa ofisi, na saini yake kwa wino.